Jinsi ya kuitambua ZiS-3, mzinga wa Warusi wa Vita vya Pili, bila kudanganywa na mdomo wake

Watu wengi wakiona picha ya zamani ya mzinga wa kuvutwa wa Wasovieti wanaandika tu chini yake "ZiS-3" na kuendelea na maisha yao, na kusema ukweli mara nyingi wanapatia, maana hiyo ndo ilitengenezwa kwa wingi kuliko yote, zaidi ya 103,000 ukijumlisha na ile iliyofungwa kwenye magari ya deraya ya SU-76, kwa hiyo hata ukibahatisha una nafasi nzuri. Shida ni kwamba iko mingine kadhaa inayofanana nayo sana, na ukikosea unaweza kujikuta unamsifia Mrusi kwa mzinga ambao Mjerumani alikuwa anautumia kumpiga huyo huyo Mrusi. Hilo limetokea sana na ntaeleza kwa nini.

Maelezo haya ni kwa mtu anayependa historia, anayeangalia picha, anayetembelea makumbusho au anayeunganisha modeli za plastiki. Kanuni yangu ni moja tu: anza na miguu, halafu uende katikati, mdomo uuache mwisho kabisa. Wengi wanafanya kinyume, wanaona kile kifaa cha kupunguza kishindo pale mbele kwenye mdomo wa mtutu, basi wamemaliza. Kile kifaa kiko kwenye nusu ya mizinga ya miaka ya 40, hakikuambii kitu chochote kikiwa peke yake.

Kwanza ujue ilizaliwaje, itakusaidia kuisoma

ZiS-3 haikubuniwa kutoka sifuri. Mhandisi Vasiliy Grabin, aliyekuwa anaongoza ofisi ya usanifu kwenye Kiwanda Namba 92 kule Gorky (leo mji unaitwa Nizhny Novgorod), alichukua kigari cha mzinga wake mwembamba wa mm 57, ule ZiS-2 wa kupigia vifaru, akaweka juu yake mtutu wa mm 76.2 wenye nguvu zilezile za F-22USV, mzinga wa divisheni (divisheni ni kikosi kikubwa cha maelfu ya askari). Sasa kigari kile kilikuwa chepesi na mtutu ule ukipiga unarusha teke kubwa la kurudi nyuma, ungekivunja. Dawa yake ikawa kile kifaa cha mdomoni, chenye matundu pembeni yanayotoa gesi ya baruti kando na nyuma, na hapo teke likapungua kama asilimia 30 hivi. Kwa hiyo kifaa kile pale mbele hakikuwekwa kwa urembo, bila hicho hakuna ZiS-3.

Na ile mm 76.2 usishangae kwa nini ni namba ya ajabu, ni inchi 3 kamili, imerithiwa kutoka mzinga wa Putilov wa mwaka 1902 wa enzi za Tsar. Wasovieti waling'ang'ania saizi hiyo kwa sababu maghala yao yalikuwa yamejaa makombora yake, na ikaja kuwafaa sana vitani maana kifaru cha T-34 cha mwanzo na KV-1 navyo vilikuwa na mm 76.2, makombora yanaingiliana, mtu wa stoo anapumua.

Kisa cha kukubaliwa kwake kinachekesha kidogo ukikumbuka ilikuwa nchi ya namna gani. Julai 1941, Wajerumani wameshaingia ndani ya nchi, Grabin anampelekea Marshali Kulik mzinga wake mpya, Kulik anaukataa, yeye alitaka viwanda vitoe mizinga ile ile ya zamani kwa wingi na haraka, asisikie habari ya kitu kipya. Grabin akarudi kiwandani, wakakubaliana na mkurugenzi wa kiwanda, Amo Elyan, wauzalishe hivyo hivyo bila ruhusa! Ukaanza kwenda mstari wa mbele kimya kimya pamoja na mizinga mingine na wapiganaji wakaupenda. Mwanzoni mwa Januari 1942 ndo ukaonyeshwa mbele ya Stalin, akausifu, na tarehe 12 Februari 1942 ukapokelewa rasmi kama mzinga wa divisheni wa mm 76 wa mwaka 1942. Ndo maana ukiona picha ya ZiS-3 inayosemekana ni ya mwisho wa 1941 usikimbilie kusema ni feki, yawezekana kabisa.

Kingine, herufi ZiS maana yake ni kiwanda kilichopewa jina la Stalin. Sasa kiwanda cha magari cha Moscow nacho kilikuwa na jina hilo hilo, kikitoa malori ya ZiS-5, kwa hiyo kuna watu huwa wanadhani mzinga na lori vimetoka geti moja. Hapana. Mizinga ni ya Gorky, na baadaye kiwanda cha Votkinsk nacho kikawa kinaitengeneza.

Haya sasa, angalia miguu

Ukisimama nyuma ya mzinga utaona miguu miwili mirefu inayofunguka kama mkasi na kuchimbia ncha zake ardhini, ndo inayozuia mzinga usirudi nyuma. Kwenye ZiS-3 miguu hiyo ni mabomba ya mviringo, laini, mepesi. Kwenye ndugu zake wakubwa, F-22 ya 1936 na F-22USV ya 1939, miguu ni maboksi ya bati nene yenye ribiti nyingi nyingi. Hii tofauti ukishaizoea hutaisahau, na mara nyingi inaonekana hata kwenye picha mbovu yenye ukungu, kwa sababu bomba la mviringo linang'aa mstari mmoja mrefu na boksi lina pembe.

Mabomba hayo ndo yanakuambia siri kubwa ya mzinga huu kuliko mtutu wake. F-22 ilikuwa na vipande 2,080, USV ikashuka hadi 1,057, ZiS-3 ikaja na 719 tu. Saa za mashine za kutengeneza mzinga mmoja zilikuwa 2,034 kwa F-22, 1,300 kwa USV, na 475 kwa ZiS-3. Hebu fikiria, nchi imehamisha viwanda kwa treni kwenda mashariki, mafundi wazoefu wako jeshini, kwenye mashine wamebaki akina mama na vijana wadogo, halafu mtu anakupa mzinga unaofanya kazi ile ile kwa robo ya muda. Grabin alikaa na watu wa uzalishaji tangu mwanzo, vipande vingi vikawa vya kumimina kwenye kalibu au kuchomelea badala ya kuchonga, na kazi ikapangwa kwenye mstari wa kuunganisha kama magari. Kwa maoni yangu hapo ndo sifa yake iko, kwa sababu kwa nguvu ya kupenya chuma peke yake ZiS-3 haikuwa bora hata siku moja, PaK 40 ya Mjerumani ya mm 75 ilikuwa inaizidi vizuri tu. Ila PaK 40 ilikuwa na uzito wa kilo 1,425 na ilikuwa inazama kwenye matope mpaka wahudumu wake wanailaani, wakati ZiS-3 iko kati ya kilo 1,100 na 1,200, watu wanaisukuma kwa mikono mtaani Stalingrad na baadaye Berlin wakitafuta kona ya kupigia.

Katikati: silinda, ngao na magurudumu

Ukitoka kwenye miguu nenda mbele ya ngao. ZiS-3 ina silinda moja chini ya mtutu na nyingine juu yake, ile ya chini inakunywa teke kwa mafuta, ya juu inarudisha mtutu mahali pake kwa hewa iliyobanwa na maji yake. Zote zinachungulia mbele ya ngao, kwa hiyo ukiuangalia kwa mbele unaona mtutu umebanwa katikati ya mabomba mawili. Shika hiyo vizuri kwa sababu itakuokoa kwenye D-44.

D-44 ni mzinga wa mm 85 ulioingia kazini baada ya vita, nao una miguu ya mabomba na una kifaa cha mdomoni, kwa hiyo wengi wanaanguka hapo. Ila silinda zake zimejificha nyuma ya ngao, mbele unaona mtutu mtupu mrefu, na ukingo wa juu wa ngao yake umekatwa kwa mawimbi mawimbi. Ukiona mawimbi acha kubishana, hiyo siyo ZiS-3, na kama picha inasemekana ni ya mapigano ya Kursk 1943 basi aliyeandika amekosea.

Magurudumu ya ZiS-3 ni rimu za chuma zenye matundu ya mviringo, za asili ya lori la GAZ, na tairi zake hazina upepo, ndani zimejazwa mpira wa sponji ili risasi zikitoboa tairi isilale. Gurudumu ni moja kila upande. Ukikuta mawili mawili kila upande, tena mtutu mrefu kupita kiasi, hiyo ni BS-3 ya mm 100, ambayo nayo ni kazi ya Grabin, ila ni jitu lingine kabisa la zaidi ya tani 3.

Urefu wa ZiS-3 nao ni kidokezo kizuri kama kuna mtu amesimama karibu. Juu ya ngao hadi chini ni kama mita 1.37, yaani mtu mzima inamfika kifuani hivi. Waliufanya mfupi makusudi, mzinga mrefu unaonekana mbali na mzinga unaoonekana unakufa.

Sasa ndo uende mdomoni

Baada ya kuona miguu ya mabomba, silinda juu na chini, gurudumu moja moja, kinachobaki ni kuitenganisha na ZiS-2, kwa sababu hizo zote ZiS-2 inazo pia, kigari ni kile kile. ZiS-2 ina mtutu mwembamba mrefu sana, zaidi ya mita 4, na mdomoni hauna kitu, ni laini mpaka mwisho. ZiS-3 mtutu wake ni mfupi kiasi, mnene zaidi, na una kile kifaa. Basi, hapo umemaliza, ukipata vyote vinne ni ZiS-3.

Ile hadithi ya Mrusi kupigwa na mzinga wa Mrusi iko hivi. Mwaka 1941 Wajerumani waliteka F-22 nyingi mno. Wakagundua kwamba sehemu ya nyuma ya mtutu wake ilijengwa imara kupita makombora iliyokuwa inatumia, wakaichonga ndani iweze kuchukua ganda kubwa zaidi lenye baruti nyingi, wakaongeza kifaa cha mdomoni, wakahamisha vishikio vya kulengea viwe upande mmoja, wakaiita PaK 36(r), hiyo r ni ya russisch, yaani Kirusi kwa Kijerumani. Ikawa silaha kali kuliko ilivyokuwa mikononi mwa wenyewe, ikapelekwa Urusi na pia Afrika Kaskazini kwa jenerali wao Rommel mwaka 1942, Waingereza kule jangwani wakaionja. Ukiitazama kwa mdomo tu utaapa ni ZiS-3. Ukianza na miguu unaona maboksi na ribiti, unajua papo hapo ni F-22 iliyobadilishwa dini. Kwa hiyo ukiona picha ya jangwani Libya na mtu ameandika ZiS-3, kagua miguu kabla hujashea.

ZiS-3 zenyewe nazo zilitekwa, Wajerumani wakaziita 7.62 cm FK 288(r) na kuzitumia, kwa hiyo mwanajeshi mwenye helmeti ya Kijerumani kusimama kando ya ZiS-3 siyo ushahidi kwamba mzinga ni wa Kijerumani. Soma mzinga, usisome helmeti.

Ukiwa makumbusho, jinsi ya kuelewa walivyoufanyia kazi

Ukipata bahati ya kusimama mbele yake, tuseme kwenye makumbusho ya mizinga ya Saint Petersburg au juu ya jiwe la kumbukumbu kwenye mji wowote wa Urusi au Ukraine ambapo huwa imewekwa sana tu, zunguka uende upande wa kushoto nyuma ya ngao. Hapo ndo alikaa mlengaji. Utaona magurudumu madogo mawili ya kuzungusha kwa mkono, moja la kupandisha na kushusha mtutu, jingine la kuupeleka kushoto na kulia, yote yako karibu yake, na juu kuna mahali pa darubini. Inaonekana kitu kidogo lakini kwenye F-22 kazi hizo ziligawanywa pande mbili, mmoja huku mwingine kule, na kifaru kinachokimbia hakikusubiri hao wawili waelewane. Mtutu wa ZiS-3 unaweza kugeuka nyuzi 54 kwa jumla bila kusogeza miguu, na kupanda kuanzia nyuzi 5 chini ya usawa hadi 37 juu.

Kwenye kitako cha mtutu angalia kile kipande kinene cha chuma kinachoteleza juu na chini, hicho ni kabari ya kufungia. Ilikuwa nusu otomatiki: mzinga ukipiga, mtutu ukirudi nyuma na kwenda tena mbele kabari inashuka yenyewe na ganda tupu linatemwa nje, mpakiaji anasukuma kombora jipya, ukingo wa ganda unagusa vishikizo, kabari inajifunga. Kombora na ganda vimeshikana kipande kimoja, kama kilo 9 hivi vyote pamoja, na hapo ndo ukapatikana mwendo wa hadi risasi 25 kwa dakika kwa watu waliofundishwa wakaiva, ingawa kwa kazi ya kawaida ya kulenga upya kila mara ilikuwa pungufu ya hapo. Hapo hapo juu ya kitako ndo kwa kawaida kuna mihuri ya kiwanda, namba na mwaka, ukiweza kuisoma unakuwa umejua mzinga umezaliwa lini kuliko kibao cha maelezo kilichowekwa mbele yake, maana vibao navyo hukosea.

Kikosi kilikuwa watu saba kwa kawaida: kamanda, mlengaji, wa kabari, mpakiaji, na wengine wa kuandaa na kubeba makombora. Kuvuta ilikuwa farasi sita, au malori, na baadaye magari ya msaada wa Marekani, Studebaker, Dodge, hata Willys ndogo ilikuwa inaukokota. Kwenye picha, gari linalovuta husaidia kukisia mwaka: ukiona Studebaker usiseme 1941.

Kazi zake zilikuwa mbili na watu wanasahau moja. Ya kwanza ni ya mzinga wa divisheni, kupiga kwa mbali hadi kilomita 13 kusaidia askari wa miguu, kwa kombora la kupasuka la kilo 6.2. Tatizo ni kwamba kombora la kasi linakwenda karibu mstari ulionyooka, haliwezi kushuka nyuma ya kilima au ndani ya handaki, ndo maana kwenye kikosi cha mizinga cha divisheni walichanganya na M-30 ya mm 122, ile yenye mtutu mfupi mnene inayorusha juu. (M-30 huwezi kuichanganya na ZiS-3, ni nene, mdomo wake mtupu, ngao imekaa ngazi ngazi.)

Ya pili ni kupiga vifaru ana kwa ana. Kulikuwa na vikosi maalumu vya kazi hiyo, askari wake wakivaa kwenye mkono alama ya almasi yenye mitutu miwili iliyopishana, na walilipwa mshahara mara mbili. Wao wenyewe walikuwa na msemo, mshahara mara mbili kifo mara tatu, na mwingine, mtutu mrefu maisha mafupi. Na hawakuwa wanatania, kombora la kawaida la chuma la ZiS-3 lilipenya kama mm 70 kwa mita 500, inatosha sana kwa vifaru vya 1941 na 42, ila kifaru cha Kijerumani cha Tiger kilipokuja na chuma cha mm 100 mbele na 80 ubavuni, ilibidi usubiri kikugeuzie ubavu tena kikiwa karibu, na uwe na kombora la kiini kigumu lililoanza kufika 1943. Ukishapiga risasi ya kwanza kile kifaa cha mdomoni kinatimua vumbi au theluji pembeni, umejionyesha, na huwezi kuubeba mzinga ukimbie.

Wajerumani waliuita Ratsch-Bum, jina la kuigiza sauti, mpasuko kwanza halafu mlio. Sababu ni hesabu rahisi: kombora linatoka kwa mita 680 kwa sekunde, sauti inakwenda kama 340, kwa hiyo mlengwa aliye mita 700 anapasukiwa kwanza, ndo baadaye anasikia mzinga ukilia. Hakuna kusikia ukalala chini.

Na huku kwetu

Baada ya 1945 ilisambaa dunia nzima, Korea, Vietnam, Mashariki ya Kati. China ilinakili ikaiita Type 54, na hapo kuna mtego, maana nakala yao ya M-30 ya mm 122 nayo inaitwa Type 54, kwa hiyo ukisoma jina bila milimita hujasoma kitu. Afrika ilifika kwa wingi, Angola mwaka 1975 majeshi ya MPLA, chama cha ukombozi, yalikuwa nayo, na kwenye orodha za silaha za majeshi ya Tanzania na Uganda mizinga hii ya mm 76 imeonekana pia. Ukikutana na picha ya Afrika basi usitegemee vibao wala lugha, kanuni ni ile ile ya miguu, silinda, gurudumu, mdomo, na D-44 ndo ya kuiogopa zaidi huku kwa sababu nayo iligawiwa nchi nyingi sana za Afrika.

Kwa wale wa modeli: rangi ni kijani kilichopauka kidogo, Warusi waliiita 4BO, usiifanye kijani cha kung'aa. Wakati wa baridi paka chokaa nyeupe juu yake kwa fujo, tena ikwanguke kwenye vishikio na kwenye ncha za miguu ambako mikono ilishika. Na tairi ziache zimejaa, usizibonyeze chini kuonyesha uzito kama wanavyofanya wengi kwenye magari, ni sponji zile.